Kitaa chekundu hakipimi saratani ya matiti

Kuna vitaa, yaani taa ndogo za mwanga mwekundu, vinauzwa mitandaoni kwa madai kwamba vinapima saratani ya matiti: unazima taa chumbani, unakiweka chini ya titi, ukiona kivuli cheusi ukimbilie hospitali, usipokiona ulale usingizi. Hapo pa kulala usingizi ndipo penye hatari. Kivuli hicho mara nyingi ni damu tu, kwa kuwa himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, hufyonza mwanga. Mshipa wa kawaida nao hutia giza. Uvimbe mdogo hupotea kabisa, maana tishu za titi hutawanya mwanga kama ukungu mbele ya taa za gari. Daktari Max Cutler aliandika kuhusu kumulika matiti tangu 1929, lakini mamogramu, yaani picha ya eksirei ya titi, ndiyo iliyoshika nafasi.

Mwanga wa maabara ni habari nyingine. Leza humulika kipande cha nyama kilichotolewa titini, na chembe ndogo mno ya mwanga hurudi imebadilika rangi, jambo alilogundua mwanafizikia C. V. Raman kule India mwaka 1928. Badiliko hilo huonyesha mafuta na protini zilizomo. Kwa kawaida uvimbe wa saratani huwa na mafuta machache kuliko titi lenye afya. Hata hivyo, jibu bado hutolewa na mpatholojia, daktari anayechunguza vipande vya mwili, kwa hadubini. Ukigusa uvimbe, nenda ukapigwe picha, kitaa kiseme kisiseme.