Majasusi, Sokwe na Gitaa: Filamu za Kantri za Draivu-ini

Mwaka 1967 Basil Rathbone, yule yule aliyekuwa Sherlock Holmes wa kizazi kizima, alijikuta ndani ya nyumba kongwe ya Marekani Kusini akiigiza jasusi. Wenzake ni Lon Chaney Jr. na John Carradine, wakongwe wa filamu za kutisha waliokuwa wakitafuta riziki ya uzeeni. Chini ya nyumba wamefuga sokwe, ambaye hata mtoto anajua ni mtu aliyevalishwa manyoya. Wanasaka fomula ya mafuta ya roketi. Anayewavurugia ni Ferlin Husky, mwimbaji wa kantri, ule muziki wa mashambani wa Marekani, aliyekuwa njiani kwenda kutumbuiza Nashville, akalazimika kulala humo. Majasusi wanashindwa, kama ilivyo ada, steringi hafi. Hapo ndipo ungetegemea taa ziwashwe, lakini wapi! Wasafiri wanafika Nashville, jukwaa linafunguliwa, na waimbaji wanapokezana nyimbo, Merle Haggard akiwemo, wakati huo jina lake ndiyo kwanza linapanda. Sokwe na roketi hawatajwi tena.

Filamu hiyo ni Hillbillys in a Haunted House. Mimi hufundisha historia ya filamu, na kila ninapoionyesha darasani vijana hucheka mpaka machozi. Baada ya kicheko huja swali: nani alitoa pesa zake kwa kitu kama hiki? Swali zuri. Ukilijibu vizuri, hakuna kitu katika filamu hizi kitakachobaki kukushangaza.

Aliyetoa pesa ni Bernard Woolner wa New Orleans. Yeye na ndugu zake walikuwa wenye sinema za draivu-ini kabla hawajawa watengenezaji wa filamu, na mambo yote yanaanzia hapo. Wasomaji wa Dar es Salaam wenye umri wao wanaikumbuka draivu-ini ya Msasani, pale penye ubalozi wa Marekani leo. Wa Nairobi walikuwa na Bellevue na Fox. Kwa wengine: ni uwanja wa wazi wenye skrini kubwa mbele, magari yanaegeshwa kwa mistari juu ya vituta vinavyoinua pua ya gari kidogo, watu wanatazama wakiwa vitini mwao. Richard Hollingshead alifungua wa kwanza karibu na Camden, New Jersey, Juni 1933. Mwishoni mwa miaka ya 50 Marekani ilikuwa na zaidi ya viwanja 4,000, vingi vikiwa pembezoni mwa miji midogo na katikati ya mashamba.

Mwenye uwanja alikuwa na shida yake. Kampuni kubwa za Hollywood zilipeleka filamu mpya kwanza kwenye majumba ya mjini, na zikitaka asilimia ya mapato. Yeye wa shambani alizipata zikiwa zimechakaa na kila mtu ameshasimuliwa mwisho wake. Faida yake hasa ilitoka kwenye kibanda cha soseji, bisi na soda. Alichohitaji ni filamu mbili kwa usiku mmoja, za kukodi kwa bei isiyobadilika, zenye jina kwenye bango la kumfanya mkulima awapakie watoto kwenye pikapu baada ya kazi. Ubora wa hadithi haukuwa kwenye orodha yake. Hata mtazamaji mwenyewe alikuwa na mambo mengine: mtoto analia kiti cha nyuma, vijana wana shughuli zao, nusu ya familia imekwenda kununua soda. Filamu inayotaka uikazie macho kila dakika ilikuwa hasara mahali pale. Filamu ambayo unaweza kuondoka na kurudi ukakuta wimbo mwingine tu ndiyo iliyofaa.

Na majina yalikuwepo tayari. Tangu 1925 kituo cha redio cha WSM cha Nashville kilikuwa kikirusha Grand Ole Opry, tamasha la Jumamosi usiku, na nguvu ya wati 50,000 iliifikisha mbali sana nje ya Tennessee. Kulikuwa na mamilioni ya watu waliozijua sauti za wale waimbaji kuliko sauti za majirani zao, lakini ukumbi wa Ryman, lilikofanyikia tamasha hilo, ulikuwa Nashville na nauli ni nauli. Televisheni ilikuwa imeanza kuwaonyesha. Porter Wagoner alikuwa na kipindi chake tangu 1960. Ila kwenye nyumba nyingi picha ilikuwa nyeusi na nyeupe, tena ndogo. Sasa fikiria suti walizovaa jukwaani, za Nudie Cohn, fundi mzaliwa wa Kyiv aliyekuwa na duka lake North Hollywood: zambarau, nyekundu, vito vya kioo kuanzia bega hadi pindo la suruali. Suti ile kwenye redio ni bure. Kwenye skrini kubwa ya rangi, usiku, katikati ya shamba la tumbaku, ni habari nyingine kabisa. Nadhani watu wanaozichambua filamu hizi kwa kuanzia hadithi wanaanzia mahali pasipofaa. Hadithi ni ushuru ambao nyimbo zililipa ili ziruhusiwe kupita.

Mtu aliyelielewa hilo kuliko wote, kwa maoni yangu, ni Ron Ormond. Alitokea kwenye maonyesho ya jukwaani ya kuzunguka miji, akatengeneza filamu za bei ya chini za kaoboi Lash LaRue, yule wa mjeledi, halafu akaweka makao Nashville. Kazi ilikuwa ya nyumbani kwelikweli: mkewe June, naye mtu wa jukwaani, alisimamia biashara, na mwana wao Tim aliigiza. Mwaka 1965 walitoa Forty Acre Feud. Ukisoma orodha ya waimbaji wake leo utadhani mtu anatania: George Jones, Loretta Lynn, Ray Price, Skeeter Davis, Bill Anderson, Minnie Pearl wa vichekesho, na Ferlin Husky tena. Bajeti ya kuwakusanya hao wote ingeishinda Hollywood. Ormond hakuhitaji kuwakusanya, kwa sababu aliwakuta mjini kwao.

Utaratibu wenyewe ndio unaoeleza sura ya filamu. Mwimbaji wa kantri wa miaka ile alishinda barabarani, leo jimbo hili kesho lile, akirudi Nashville kwa ajili ya Opry. Humpati wiki nzima ya kujifunza maneno na kuigiza mapenzi. Unampata saa chache. Kwa hiyo wimbo unarekodiwa studio, au unachukuliwa ule wa kwenye sahani ya santuri, kisha mwimbaji anasimama mbele ya kamera na kufuatisha mdomo kwa pleibeki. Tazama gitaa la umeme: mara nyingi halina waya. Tazama ukuta wa nyuma: ghala la mbao, marobota ya nyasi, labda bendera. Kamera imetulia mahali pamoja, kwa sababu kila ukiihamisha unapanga taa upya, na taa ni muda, na muda ni pesa. Wimbo ukiisha tunarudi kwa wale waigizaji wachache waliokodiwa kusukuma hadithi, wanagombana kidogo kuhusu uchaguzi wa kijiji au gongo ya mahindi, kisha mtu anasema, haya, tusikilize wimbo.

Wakosoaji wa mjini waliuita utulivu huo wa kamera uvivu. Mimi siufanyi uvivu wala siufanyi usanii. Naona ulikuwa umekaa mahali pake. Picha ya draivu-ini inapita kwenye kioo cha gari chenye vumbi na wadudu, mwanga wa jioni haujaisha, sauti inatoka kwenye spika moja ndogo ya bati iliyoning'inizwa dirishani. Besi haisikiki. Kivuli hakionekani. Mtu aliyesimama katikati, amemulikwa sawasawa, anaimba kwa sauti iliyo wazi na gitaa lake: hiyo inafika hadi mstari wa mwisho. Mbinu za giza na minong'ono zilizosifiwa Ulaya wakati huo huo zingepotelea kwenye vituta.

Usambazaji nao ulikuwa wa aina yake. Haki za kuonyesha ziliuzwa kwa wasambazaji wa kila eneo, huyu majimbo haya, yule majimbo yale, na kopi chache zikazungushwa mpaka zikakatikakatika. Howco, kampuni ya Joy Houck wa New Orleans na mshirika wake wa Charlotte, iliendeshwa na watu wenye kumbi zao wenyewe, kama akina Woolner. Filamu iliyochosha sokoni ilibadilishwa jina ikarudi upya. Mwimbaji wa kantri Johnny Cash mwaka 1961 aliigiza muuaji anayemshika mateka mke wa ofisa wa benki katika Five Minutes to Live, na mtoto wa nyumba hiyo ni Ron Howard, ndiyo, mwongozaji wa baadaye. Mwaka 1966 filamu hiyo hiyo ikarudi kwenye draivu-ini kwa jina la Door-to-Door Maniac. Ni utapeli, lakini utapeli wa wazi.

Miaka ya 1965 hadi 1968 ndiyo iliyokuwa mavuno. The Las Vegas Hillbillys ya 1966, pia ya Woolner, ilimweka Husky pamoja na Jayne Mansfield na Mamie Van Doren, warembo wa Hollywood. Inasimuliwa kwamba mabibi hao wawili hawakutaka kupigwa picha pamoja, na ukiitazama sehemu wanayokutana utaamini. Waylon Jennings alipata nafasi yake ya kwanza ya steringi katika Nashville Rebel. Marty Robbins alitoa Hell on Wheels, ya mbio za magari, na huyu angalau hakuhitaji kuigiza, kwani alishindana NASCAR kwelikweli. The Road to Nashville ya 1967 ninaipenda kwa ujasiri wake: hadithi yake ni mtu wa Hollywood anayetumwa Nashville kutafuta waimbaji wa filamu ya kantri. Basi. Anawatafuta, wanaimba, imekwisha.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna njia yetu ya kuingilia habari hii, nayo ni Jim Reeves. Sauti iliyotulia ya Jumapili redioni, inayojulikana kwa wazee wa Kenya na Tanzania kuliko waimbaji wengi wa huku, ilifika kwenye filamu mara moja tu kama steringi, na filamu hiyo ilipigwa Afrika Kusini. Ni Kimberley Jim ya Emil Nofal, ya 1963, ambamo Reeves ni mcheza kamari wa Kimarekani kwenye machimbo ya almasi. Reeves alikufa kwenye ajali ya ndege Julai 1964. Marekani filamu ilionyeshwa mwaka uliofuata. Haina sokwe, na ina pesa nyingi kidogo kuliko zile za Nashville, lakini mfupa ni ule ule: hadithi nyepesi inayosimama kila mara ili apate kuimba. Ilitengenezwa chini ya utawala wa ubaguzi, na machimbo ambayo maelfu ya Waafrika waliyachimba kwa mikono yanabaki kuwa mandhari ya mgeni na gitaa lake.

Hili halikuwa la Afrika Kusini peke yake. Sheria ya Haki za Kiraia ilipitishwa Marekani 1964, mwaka mmoja kabla ya Forty Acre Feud, na katika filamu hizi unaweza kuitazama Kusini nzima, maghala, maduka, umati mbele ya jukwaa, usione karibu mtu mweusi hata mmoja. Mwaka 1966 kampuni ya sahani ya RCA ilipoanza kutoa nyimbo za Charley Pride, mwimbaji mweusi wa kantri, ilizipeleka kwa watangazaji wa redio bila picha yake. Redio iliweza kumficha mtu, filamu isingeweza. Anayezipenda filamu hizi, nami ni mmoja wao, ajue na hilo lililotolewa nje ya fremu.

Kilichozimaliza ni mambo matatu au manne kwa pamoja, sitayavuta sana. Sheria ya saa ya 1966 ilisogeza mshale mbele majira ya joto karibu nchi nzima, hivyo giza likaingia saa moja baadaye, na mkulima anayeamka alfajiri hakai hadi saa sita usiku. Mwaka 1969 kipindi cha kantri cha Hee Haw kilianza kwenye televisheni: marobota yale yale ya nyasi, vichekesho vile vile, kwa rangi, bure, sebuleni. Draivu-ini zikageukia damu na miili mitupu, vitu ambavyo televisheni haikuruhusiwa kuonyesha. Ormond mwenyewe alikuwa ameshaonja huko: The Exotic Ones ya 1968 ina Sleepy LaBeef, mwimbaji mwenye mwili wa mlima, akiwa zimwi la kinamasi katika kilabu cha wacheza uchi.

Yeye na familia yake walinusurika ajali ya ndege ndogo, na hatimaye akageukia dini. Kuanzia 1971 alitengeneza filamu za mahubiri ya moto wa jehanamu pamoja na mchungaji Estus Pirkle wa Mississippi, zikaonyeshwa makanisani. Wengi huona hapo mtu aliyegeuka kabisa. Mimi naona mfanyabiashara yule yule: ukumbi usio wa Hollywood, hadhira ya shambani, fedha kidogo, kamera imetulia, na katikati ya fremu mtu mmoja ambaye sauti yake watu wameifuata.

Ukitaka kuanza, anza na Forty Acre Feud, na usione haya kurukisha mazungumzo mpaka afike Loretta Lynn. Halafu The Road to Nashville, kwa sababu pale unawaona waimbaji wengi wakiwa katika umri ambao hawakupigwa picha nyingi za rangi. Ya sokwe iache ya tatu, tena uitazame na watu, maana peke yako ni ndefu.