Kambi haimalizi damu ya mchezaji kijana

Ligi Kuu Bara kwa kawaida huanza Agosti au Septemba, kwa hiyo Julai vijana wa akademi nao hurudishwa uwanjani kukimbizwa asubuhi na jioni. Ikifika wiki ya pili, baadhi yao hupimwa damu, na hapo maneno huanza.

"Damu imeshuka, mazoezi yanamuua mtoto." Mara nyingi si kweli. Kipimo cha wingi wa damu hakipimi damu yote iliyomo mwilini. Kinaangalia gramu za himoglobini, protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, katika desilita moja tu, yaani sehemu moja ya kumi ya lita. Mazoezi makali yanapoanza, figo hubakiza chumvi na maji mwilini, na plazma, yaani majimaji ya damu, huongezeka ndani ya siku chache. Chembe nyekundu hazina haraka hiyo. Zinahitaji wiki kadhaa kuongezeka.

Tuchukulie kijana wa kilo 60 mwenye damu lita 4.2 na kipimo cha 14.5. Ana jumla ya gramu 609 za himoglobini. Plazma ikiongezeka mililita 300, gramu ni zilezile, ila damu sasa ni lita 4.5, na karatasi ya maabara itaandika 13.5. Hajapoteza hata tone! Tena amenufaika: moyo unajaa vizuri zaidi, kila pigo linasukuma damu nyingi, na mwili unapata maji ya jasho la kuupoza. Akilala likizo wiki mbili tatu, plazma hiyo hupungua. Kipimo kinaweza kupanda huku pumzi ikikata mapema. Anayesoma namba hiyo bila kuuliza kijana yuko wiki ya ngapi ya mazoezi amesoma nusu ya habari.

Upungufu wa kweli upo, hasa kwa wasichana wenye hedhi nzito na kwa vijana wanaokula kidogo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa na upungufu mvulana wa miaka 15 na zaidi aliye chini ya 13, na msichana wa umri huo aliye chini ya 12. Akiba ya madini ya chuma, ambayo mwili hutengenezea himoglobini, huonekana kwa kipimo cha feritini, lakini malaria au maambukizi mengine hukipandisha, hivyo akiba iliyokauka inaweza kuonekana nzuri.

"Mpe juisi ya rozela na bitiruti, arudishe damu." Rangi nyekundu imewadanganya wengi. Naitreti za bitiruti husaidia mishipa kutanuka, ila chuma chake ni kidogo. Chuma kitafutwe kwenye maini, nyama, dagaa na maharage, na chai isinywewe pamoja na mlo, kwani huzuia chuma kufyonzwa. Na vidonge? Kwanza vipimo. Hata vikiandikwa, saa kadhaa baada ya mazoezi makali ini hutoa homoni ya hepsidini inayozuia chuma kupita utumbo, hivyo asubuhi kabla ya mazoezi ni wakati bora.

"Vipimo vya ini vimepanda, ana homa ya ini." Labda, lakini kimeng'enya cha AST, kimojawapo cha vinavyopimwa hapo, kimo pia kwenye misuli, na misuli iliyochoshwa hukimwaga kwenye damu. Apumzike siku kadhaa, apimwe tena.

"Mapigo 50 kwa dakika ni ugonjwa." Kwa aliyezoea mazoezi, akiwa ametulia, ni kawaida. Anayezimia au kubanwa kifua katikati ya mbio ndiye wa kumsimamisha na kumpeleka apimwe moyo.

Dhana ya mwisho ina sura mbili: wapo wanaosema mwenye AS, yaani aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, asicheze kabisa, na wapo wanaosema AS haina shida yoyote. Kubeba kinasaba kimoja cha selimundu si ugonjwa, na mpira anacheza. Hatari ipo kwenye kukimbizwa ghafla kwa nguvu zote, siku za mwanzo, juani. Mwaka 2006 mchezaji mwenye AS wa Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, alifariki baada ya mazoezi, na kuanzia 2010 chama cha michezo cha vyuo, NCAA, kikaagiza wachezaji wa daraja lake la juu wapimwe hali hiyo. Kocha asimuanzishe kijana wa AS kwa majaribio ya mbio siku ya kwanza. Akisema miguu imelegea na haimbebi, asiambiwe mvivu: atolewe, apozwe, na asipopata nafuu haraka apelekwe hospitali.