Mionzi iliisha miaka 3 iliyopita, mbona leo nakojoa damu?

Maswali haya nayasikia kliniki hapa Dodoma, kutoka kwa wazee wa Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Kondoa, hata Manyoni kule Singida. Walitibiwa saratani ya tezi dume kwa mionzi, wengi wao katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wakarudi nyumbani wanashukuru. Shida ya mkojo huja baadaye, wakati mzee na familia yake wameshaisahau mionzi. Hapo ndipo tunapopoteza watu muda, na wakati mwingine tunapoteza figo.

Daktari, nilimaliza mionzi miaka 3 iliyopita na nikaambiwa niko salama. Damu hii inatoka wapi?

Mzee wangu, tezi dume imekaa chini kabisa ya kibofu. Mrija wa mkojo unapita katikati yake, na puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, iko nyuma yake. Mionzi hata ikilengwa vizuri namna gani, majirani hao hupata sehemu yake. Wakati wa matibabu na wiki chache baada yake utasikia mkojo unachoma na unakwenda haja ndogo mara kwa mara. Hiyo kwa kawaida hutulia.

Shida ya pili ndiyo hii yako, na haina haraka. Mishipa midogo ya damu kwenye ukuta wa kibofu husinyaa kidogo kidogo, nyama inakosa hewa safi, inakakamaa. Juu yake huota vimishipa vipya, dhaifu, vinavyopasuka kwa urahisi. Ukiziba mfereji wa shamba la zabibu leo, mizabibu hainyauki kesho. Ndivyo ilivyo: dalili zinaweza kuanza miezi 6 baada ya mionzi, zinaweza kuanza baada ya miaka 10.

Duka la dawa waliniambia ni UTI, jirani akasema kichocho. Nimekunywa dawa mara tatu.

Inaweza kuwa kweli mojawapo, lakini mtu aliyepata mionzi hatibiwi kwa kubahatisha. Mkojo uoteshwe maabara kuona kama una vijidudu, damu ipimwe wingi wake na kazi ya figo, ifanyike ultrasound, na bingwa wa mfumo wa mkojo aingize kamera ndogo kupitia mrija akitazame kibofu kwa macho. Sababu ya kusisitiza kamera ni kwamba damu kwenye mkojo inaweza pia kuwa saratani ya kibofu, na mionzi ya nyonga huiongezea kidogo hatari hiyo. Dawa ya tatu bila kuotesha mkojo, kwa kweli, isingetolewa.

Usingoje siku ya kliniki ukiona mabonge ya damu, ukishindwa kabisa kukojoa, ukipata homa na kutetemeka, au ukisikia kizunguzungu. Njoo siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Na kama unatumia dawa za kulainisha damu, tuambie, ila usiziache mwenyewe.

Nikifika na mabonge mtanifanya nini?

Kwanza tunaweka mpira mkubwa wa mkojo wenye njia tatu, tunayatoa mabonge, kisha maji safi yanapita kibofuni mfululizo mpaka mkojo ung'ae. Ukiwa umepoteza damu nyingi utaongezewa. Damu isipokoma unaingia chumba cha upasuaji, na bingwa anachoma kwa kamera sehemu zinazovuja.

Kwa wengi hapo panatosha, kwa muda au moja kwa moja. Wanaorudia kutoka damu wana njia nyingine: kukaa kwenye chumba cha oksijeni yenye shinikizo, kwa kawaida vipindi 30 hadi 40, tiba ambayo haipatikani kila mahali, au kibofu kuoshwa kwa dawa kali ukiwa umelazwa usingizi. Vyote vikishindwa, upo upasuaji mkubwa wa kugeuza njia: mirija ya kutoka kwenye figo inaunganishwa na kipande cha utumbo mwembamba, mkojo unatokea kwenye tundu tumboni na kuingia kwenye mfuko. Mara nyingine kibofu chenyewe huondolewa. Ni uamuzi mzito, hautolewi kwa siku moja.

Mimi sina damu. Mkojo unatoka kama uzi, nasimama chooni mpaka miguu inachoka.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo makosa yanapofanyika zaidi.

Huenda mrija umepata kovu na kuwa mwembamba, mara nyingi pale chini ya tezi, au shingo ya kibofu imekaza. Huonekana zaidi kwa waliowekewa vyanzo vya mionzi ndani ya tezi, lakini waliochomwa kutoka nje nao hupata. Ukiachwa hivyo, kibofu kinachoka, mkojo unarudi nyuma, figo zinaumia bila kelele.

Hatua nyepesi ni kupanua mrija kwa vyuma maalumu, au kulikata kovu kwa kamera. Unakojoa vizuri siku hiyo, ila kovu la mionzi lina tabia ya kurudi. Nimewaona wazee waliopanuliwa mara nyingi mno kabla mtu hajawaeleza kwamba kuna upasuaji wa kuutengeneza mrija wenyewe: kipande chenye kovu kinakatwa na ncha mbili kushonwa pamoja, au mrija unapanuliwa kwa kiraka cha ngozi laini ya ndani ya shavu. Shavu linapona haraka, msiogope hilo. Linalotutia wasiwasi ni nyama iliyochomwa, kwani ina damu kidogo na hupona taratibu, kwa hiyo mafanikio ni pungufu kuliko kwa mtu asiyepata mionzi. Tena msuli unaozuia mkojo uko palepale, hivyo baada ya mrija kufunguka wengine huanza kuvuja. Uambiwe haya kabla ya kusaini.

Kwa sababu hiyo hiyo, kukwangua tezi dume kwa kamera ili kufungua njia ya mkojo, baada ya mionzi, si jambo la kukubali haraka haraka. Hatari ya kubaki unavuja mkojo ni kubwa zaidi kuliko kwa wengine.

Asiyeweza upasuaji mkubwa huwekewa mpira wa tumboni, juu ya kinena. Hubadilishwa kila baada ya wiki kadhaa, na mtu anaendelea na shamba lake.

Shikamoo daktari. Baba yangu yuko Kondoa, mkojo unamvuja. Hanywi maji, hapandi basi, na ameacha kwenda msikitini.

Marahaba mwanangu. Kwanza mrudishie maji. Kwa joto letu la Dodoma, kutokunywa kunaufanya mkojo uwe mkali na kibofu kiwake zaidi. Apunguze chai ya rangi na kahawa. Yapo mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga na dawa za kutuliza kibofu, navyo huwasaidia wengi. Uvujaji mkubwa una upasuaji wa kuweka kizuizi cha bandia, ingawa kwa aliyepata mionzi kifaa hicho huweza kula nyama, kwa hiyo bingwa huchagua kwa makini.

Kuhusu ibada, mpeleke kwa sheikh wake amweleze: mwenye kuvuja mfululizo hujisafisha, huvaa kitambaa cha kuzuia mkojo, na hutia udhu baada ya wakati wa sala kuingia. Dini haijamfungia mlango.

Ila ukisikia mkojo unatokea njia ya haja kubwa, au hewa inatoka pamoja na mkojo, hilo huenda ni tundu kati ya njia ya mkojo na puru. Mlete mara moja.

Basi bora ningekataa mionzi?

Hapana. Wengi hawafiki kwenye matatizo makubwa haya, na saratani isiyotibiwa huleta damu na kuziba kwa mkojo vilevile.

Nije na nini?

Na karatasi za mionzi: wapi, mwaka gani, vipindi vingapi, dozi gani, ilitoka nje ya mwili au iliwekwa ndani. Na vipimo vyote vya PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume. Zipige picha kwa simu ya mtoto. Kabla yeyote hajakuwekea mpira au kukuandikia upasuaji, sema wewe wa kwanza: "Nilichomwa mionzi ya tezi dume." Karatasi zikiwa zimepotea, kumbuka angalau mwaka na jina la hospitali, kwa hivyo viwili tunaanza kutafuta faili.