Bahasha ya ndege kutoka kisiwa kisicho na uwanja wa ndege

Mimi hukusanya bahasha za barua za zamani, na yoyote ya visiwani inayofika mezani kwangu huanza kwa kugeuzwa. Mbele ni madoido: mchoro wa ndege, maneno "safari ya kwanza", stempu zilizopangwa kwa mstari. Mhuri wa posta iliyoipokea mara nyingi hupigwa nyuma, na tarehe zake ndizo zinazonieleza barua ilivyosafiri.

Tristan da Cunha, kusini mwa Atlantiki, haina uwanja wa ndege hadi leo. Barua ya huko yenye kibandiko cha posta ya ndege hungoja meli kwanza, na meli ni chache kwa mwaka. Halafu hukaa takriban wiki nzima baharini hadi Cape Town, ndipo ipande ndege. Kibandiko hakidanganyi, ila kinahusu kipande cha pili tu cha njia. Muuzaji anayeiita "barua iliyoruka kutoka Tristan" ndiye wa kutiliwa shaka.

St Helena, "jirani" aliye kilomita zaidi ya 2,400 kaskazini, ilipata ndege ya abiria ya ratiba tarehe 14 Oktoba 2017, kutoka Johannesburg. Meli ya posta, RMS St Helena, ilistaafu Februari 2018. Miezi ile michache meli na ndege zilihudumia kisiwa kimoja, na kwangu barua za kawaida za wakati huo zina utamu kuliko bahasha zote za sherehe.

Umri peke yake hauongezi thamani. China Clipper, ndege ya kutua majini, iliondoka San Francisco 22 Novemba 1935 ikafika Manila tarehe 29, ikipitia Honolulu, Midway, Wake na Guam. Ilibeba barua zaidi ya 110,000, nyingi zikiwa za wakusanyaji, kwa hiyo bado zinapatikana bila shida.

Ukishamaliza tarehe, jumlisha thamani iliyoandikwa kwenye stempu. Seti kamili iliyobandikwa bila kujali ada ya posta ilitengenezwa kwa ajili ya albamu. Ada ikilingana sawasawa na uzito na njia, huenda kuna mtu aliyekuwa akiisubiri barua hiyo, na mimi hununua hiyo hata kama kona imechanika.