Uchovu wa kazi kwa wahudumu wa afya: maana yake, na serikali inahusika wapi

Uchovu wa kazi unaozungumziwa hapa si ule wa muuguzi aliyetoka zamu ya usiku, akalala mpaka mchana, akaamka mzima. Huu hujengeka kwa miezi, mahali ambapo kazi inadai kila siku kuliko inavyorudisha, na usingizi hauuondoi. Waliosoma kwa Kifaransa huuita épuisement professionnel. Shirika la Afya Duniani, ambalo sisi wa Goma, mashariki mwa Kongo, tumezoea kuliita OMS, liliupa maelezo mapya mwaka 2019 katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022. Likasema wazi kwamba huu si ugonjwa, bali ni hali inayotokana na kazi, pale msongo wa kazini unapodumu bila kushughulikiwa. Sentensi hiyo ndogo ina uzito mkubwa, na nitairudia nikifika kwenye sera.

OMS inataja dalili za namna tatu. Nguvu zinaisha, za mwili na za moyo. Halafu mtu anajitenga na kazi yake, anaiangalia kwa chuki au kwa dharau. Mwisho anaanza kuona kwamba hata akifanya, hakuna kinachobadilika, na yeye mwenyewe hafai kitu.

Ya kwanza kila mtu anaielewa. Ya pili ndiyo watu hawaitambui, kwa sababu inaonekana kama tabia mbaya. Chukua muuguzi wa kituo cha afya upande wa Majengo, hapa Goma. Alipoanza kazi alikuwa anawaita wagonjwa kwa majina, anauliza habari za watoto. Miaka michache baadaye anasema "yule wa malaria kitanda cha tatu". Mama mwenye uchungu wa kuzaa akilia, anamwambia anyamaze. Mtaani watasema ana roho mbaya, na aliyekemewa ana haki ya kulalamika, sitaki kumtetea muuguzi huyo. Lakini kinachotokea ndani yake kina mantiki. Moyo uliobeba vifo vingi bila kupumzika unajikinga kwa kujifanya mgumu, na ukishakuwa mgumu hauchagui. Unakuwa mgumu kwa wagonjwa, kwa wenzake, mara nyingine hata nyumbani kwa watoto wake.

Dhana yenyewe ilizaliwa kwenye zahanati. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliandika juu ya watu waliojitolea katika zahanati ya bure jijini New York, yeye akiwa mmoja wao. Walioingia na moto mwingi ndio waliokuwa wa kwanza kuzimika. Baadaye, mwaka 1981, Christina Maslach na Susan Jackson wakatoa kipimo cha maswali ambacho bado kinatumika katika hospitali nyingi duniani.

Kuna hali nyingine mbili tatu ambazo huchanganywa na uchovu huu. Sonona ni ugonjwa: inamfuata mtu kila mahali, hata siku ya harusi ya ndugu yake, wakati uchovu wa kazi mwanzoni hulegea kidogo mtu akiwa mbali na kazi. Kiwewe hutokana na jambo la kutisha lililomfika mtu au aliloliona kwa macho, nalo linarudi usiku kama ndoto na mchana kama mshtuko. Mtu anaweza kuwa navyo vyote kwa pamoja, na Goma hilo si jambo la ajabu.

Hali ya nne inahitaji maelezo marefu kidogo, maana naona ndiyo inayowala wahudumu wetu zaidi, ingawa haitajwi sana. Wataalamu huiita jeraha la kimaadili. Ilianza kuelezwa kwa wanajeshi waliorudi vitani, kisha ikaonekana inawahusu hata madaktari na wauguzi. Ni maumivu ya mtu anayejua jambo lililo sawa, lakini mahali anapofanya kazi pamemzuia kulitenda, au pamemlazimisha kutenda kinyume chake.

Mfano wake unajulikana katika nchi yetu yote. Mama amejifungua kwa upasuaji, yuko salama, mtoto yuko salama, lakini fakture, yaani hesabu ya matibabu, haijalipwa. Hawezi kutoka. Anakaa wiki, anakaa mbili, anahamishwa kutoka kitandani kwenda kwenye mkeka ili kitanda kipate mgonjwa mwingine. Anayemlinda asitoroke ni nani? Mara nyingi ni muuguzi yuleyule aliyemshika mkono usiku wa upasuaji. Muuguzi anajua mama huyu hana kosa. Anajua pia kwamba fakture zisipolipwa, mwisho wa mwezi yeye mwenyewe hatapata kitu. Hapo hakuna mafunzo ya kuvuta pumzi polepole yatakayomsaidia. Hali yake haikutokana na udhaifu wake. Imetokana na namna hospitali inavyopata fedha zake.

Na fedha hizo zinahitaji kuelezwa, la sivyo sera haieleweki. Mhudumu wa serikali katika Kongo anatarajia kula kutoka vyungu vitatu: mshahara wa serikali, primu (yaani posho) ya hatari, na primu ya mahali, ambayo hutoka kwenye malipo ya wagonjwa. Aliye "mécanisé", yaani jina lake limeingia kwenye orodha ya malipo ya Kinshasa, anaweza kupata yote. Ambaye hajaingia, na hao ni wengi, anaweza kufanya kazi miaka kwa chungu cha tatu peke yake. Wengine wanapata primu bila mshahara. Zamu yao ni moja, kinga wanavaa ileile, hatari ni ileile. Siku shirika la misaada linapoleta matibabu ya bure, posho inaongezeka. Siku linapofunga mradi, inakatika. Baada ya vita kuingia mjini Januari 2025, mabenki ya Goma yalifunga milango, na hata wale waliokuwa na mshahara walijikuta wakihangaika namna ya kuufikia.

Juu ya hayo wekeni historia ya mji. Mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulimalizika tarehe 25 Juni 2020, ukiwa na wagonjwa 3,470 na vifo 2,287 katika Kivu ya Kaskazini, Ituri na sehemu ya Kivu ya Kusini. Wahudumu wa afya 171 waliambukizwa. Vituo vilishambuliwa, tarehe 19 Aprili 2019 Daktari Richard Mouzoko, mtaalamu wa OMS kutoka Kamerun, aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Wakati huohuo, watu wa Riposte, yaani timu za kupambana na Ebola, walikuwa wanalipwa kwa dola kila siku, huku muuguzi wa chumba cha jirani akingoja primu yake ya kawaida. Donda hilo la kulinganishwa halijapona. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ikalipuka, na siku tano baadaye wakazi wa mitaa mingi wakaamriwa kuondoka, wauguzi wakiwa miongoni mwao, wakibeba watoto wao na kuwaza wagonjwa waliowaacha. Zikafuata kambi za wakimbizi wa ndani na kolera, Kanyaruchinya na kwingineko. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini, hospitali zilipokea mamia ya majeruhi kwa siku chache. Waliowapokea nao walikuwa hawajui kama nyumbani kwao wote wako hai.

Sasa tuje kwa serikali.

Kwenye karatasi, hatuko mikono mitupu. Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inahakikisha haki ya afya. Sheria ya afya ya umma, namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018, imeweka misingi ya namna huduma zinavyopangwa. Wizara ya Afya ina Mpango wa Kitaifa wa Afya ya Akili, unaojulikana kwa herufi PNSM. Wazo kuu la sera ni kwamba matatizo ya akili yasisubiri hospitali maalumu, bali yaingie katika huduma za kawaida za kila zone de santé, yaani eneo la afya, kuanzia kituo cha afya hadi hospitali kuu ya rufaa. Nchi ina zone 519. Hospitali maalumu za akili ni za kuhesabika, na nyingi si za serikali: Goma ni Tulizo Letu, Bukavu ni SOSAME, Lubumbashi ni kituo cha Joseph Guislain, zote zikiwa kazi ya Ndugu wa Charité wa Kanisa Katoliki. Kwa hiyo kupeleka huduma ya akili karibu na watu ni wazo zuri, na OMS imekuwa ikilisukuma duniani tangu 2008.

Lakini soma tena. Nani ataitoa huduma hiyo kwenye kituo cha afya? Ni muuguzi wetu wa Majengo. Anayechanja watoto, anayezalisha, anayejaza ripoti ya mwezi, sasa anaombwa pia amsikilize mama aliyebakwa na kijana anayesikia sauti. Sera ya afya ya akili inamtaja kama mtoaji. Kama mtu ambaye akili yake nayo inaweza kuelemewa, hatajwi sana. Hapo ndipo naona pengo: ustawi wa wahudumu umewekwa chini ya moyo wa kujitolea, kana kwamba wito ni aina ya chakula.

Mwaka 2022, OMS ilitoa miongozo juu ya afya ya akili kazini. Kilichonivutia ni mpangilio wake. Inaanza na kazi yenyewe: mzigo, saa, ratiba, nafasi ya mfanyakazi kusema. Kisha wakubwa wafundishwe kutambua mtu anayezama. Mazoezi ya mtu binafsi na ushauri nasaha yapo, lakini hayakutangulia. Miradi mingi inayokuja kwetu huanza na hayo ya mwisho: semina ya siku mbili hotelini, mwanasaikolojia mmoja, chakula kizuri, picha, cheti. Jumatatu mtu anarudi kwenye ratiba ileile.

Na hapa ile sentensi ya OMS inaingia. Kwa kuwa uchovu wa kazi si ugonjwa, daktari hana jina la kuandika kwenye cheti cha mapumziko. Itambidi atafute lingine, shinikizo la damu au chochote kinachokubalika. Wengine wanaona OMS imewanyima wafanyakazi haki yao. Mimi naona kinyume. Ukiuita ugonjwa, mgonjwa ni muuguzi, na tiba ni yeye apone. Ukiuita hali ya kazi, anayepaswa kujibu ni mwenye kazi, awe Wizara, Kanisa au shirika. Tatizo ni kwamba mwenye kazi mwenyewe hajaulizwa.

Si kila kitu kinangoja Kinshasa. Mshahara na orodha ya mécanisation, ndiyo, vinangoja. Lakini ratiba ya zamu iko mikononi mwa titulaire, yaani msimamizi wa kituo, na mkuu wa wauguzi hospitalini. Kumpa mtu siku nzima ya kupumzika baada ya usiku wa garde, badala ya kumwomba "ungoje kidogo mwenzako anachelewa", hakuhitaji bajeti. Kukaa nusu saa pamoja baada ya kifo cha mtoto, bila kutafuta wa kulaumiwa, hakuhitaji bajeti. Médecin chef de zone, daktari mkuu wa zone, akija kwa ziara ya usimamizi, anaweza kuuliza watu wangapi wameacha kazi au wameomba kuhamishwa mwaka huu, kama anavyouliza idadi ya chanjo. Nambari hiyo ingesema mengi, tena hakuna anayeweza kuipamba kirahisi.

Kuna kikwazo kingine ambacho sera hazikitaji: aibu. Muuguzi akionekana kwenye lango la Tulizo Letu bila koti jeupe, jioni habari imefika mtaani Birere kwamba akili zake haziko sawa. Isitoshe, kwenye foleni anaweza kukutana na mgonjwa wake mwenyewe. Kwa hiyo huduma kwa wahudumu inahitaji mlango wake, saa zake, na mtu ambaye si mkubwa wao wa kazi. Katika miaka ya Ebola tulikuwa na APS wengi, wasaidizi wa kisaikolojia na kijamii waliofundishwa kusikiliza familia zilizofiwa. Ujuzi wao bado upo mjini, na baadhi wanauza vocha za simu. Kuwaajiri wachache kwa ajili ya wafanyakazi wa hospitali kungekuwa sera, hata bila kuandikiwa hati ya kurasa sitini.

Jambo la mwisho ni la mpaka kati ya uchovu na hatari. Mwenzako akianza kunywa kabla ya zamu, akijichukulia mwenyewe dawa za usingizi za wagonjwa, asipolala hata siku za mapumziko, au akisema afadhali asingekuwepo, hapo tumetoka kwenye uchovu wa kazi na tumeingia kwenye ugonjwa unaotibika. Ratiba nzuri haitoshi tena. Usimwache peke yake usiku huo, mtoe kwenye zamu hata kama wodi itabaki na mtu mmoja, na mfuate mwanasaikolojia wa hospitali au mwende naye Tulizo Letu, wewe ukiwa ndiye unayeongea langoni.