Jenereta kubwa si lazima iwe ndo bora

Wengi Bongo wanaamini umeme ukikatika dawa ni jenereta kubwa, eti "ikizidi haiharibu kitu". Mmh, inaharibu. Dizeli kubwa ukiitumia kila siku kwa taa tano na tivi injini haipati moto wa kutosha, mafuta hayaungui yote, masizi yanajaa kwenye bomba la moshi na wewe unalipia tu.

We chukua karatasi andika vitu utakavyowasha kwa pamoja, mfano friji wati 150, tivi 80, taa 50, jumla 280, ila friji likianza kuwaka linaweza kuvuta hata mara tano, yaani 750 kwa sekunde chache, hapo inakuwa 880. Ya petroli ya kilowati 1.5 inatosha kabisa. Pasi isubiri umeme urudi.