Je, wajua kwanini milimani mwezi wa tano asubuhi inakuwa jua, mchana radi, usiku theluji?

Ukifungua apu ya hali ya hewa mwezi wa tano ukaangalia sehemu za milima mirefu, iwe Alps kule Ulaya au Rocky Mountains za Marekani, mara nyingi unakuta kapicha kalekale siku saba mfululizo, kajua kidogo, kawingu, na karadi kwa chini. Watu wengi wanadhani watabiri wamejiwekea kila kitu ili wasikosee. Hapana aisee, wanasema ukweli, tatizo ni kwamba picha moja haiwezi kubeba siku yenye hali tatu nne za hewa ndani yake.

Sasa kwanini iwe mwezi wa tano hasa, mwishoni mwa machipuko, yaani majira ya kutoka baridi kwenda kiangazi? Anza na jua. Kaskazini mwa dunia jua linafika juu kabisa tarehe 21 Juni hivi, kwahiyo jua la tarehe 20 Mei lina nguvu karibu sawa na la tarehe 23 Julai, yaani ni jua la kiangazi tayari. Ila hewa ya juu, kilomita tano na zaidi huko, bado ni ya baridi, na kila baada ya siku kadhaa hewa nyingine ya baridi inashuka tena kutoka upande wa ncha ya kaskazini. Chini kuna moto, juu kuna baridi, na hewa yenye joto ni nyepesi lazima ipande, tena tofauti ikiwa kubwa inapanda kwa fujo kabisa.

Kwenye tambarare nako hii inatokea, lakini mlima unaharakisha mambo, na mimi naona hapa ndo utamu wenyewe ulipo. Mteremko unaotazama mashariki unapigwa na jua tangu linapochomoza, ardhi inapata moto, hewa iliyoigusa ardhi inapata moto, na hewa hiyo tayari iko mita 2,000 au 2,500 juu, wakati hewa ya kimo hichohicho iliyo katikati ya bonde, mbali na ardhi, bado ina ubaridi. Inaanza kupanda mapema, ya bondeni inavutwa kujaza pengo, ndo ule upepo wa kupandisha bonde ambao wenyeji wa milimani wanaujua vizuri, na pande zote za mlima zikileta hewa yao zinakutana kwenye mgongo wa juu, hakuna pa kwenda tena isipokuwa angani. Hewa ikipanda inapoa karibu nyuzi 1 kila mita 100, mpaka inafika mahali mvuke unageuka wingu. Na huo mvuke ni mwingi kipindi hiki kwasababu theluji inayeyuka, udongo umelowa, majani ndo yanachipua. Mvuke ukigeuka wingu unatoa joto, joto hilo linaisukuma hewa izidi kupanda, basi saa nne asubuhi unaona vijiwingu vidogo, saa saba vimekuwa minara, saa tisa ni radi na mvua ya mawe. Jioni vingi vinasambaratika na upepo unageuka unateremka bondeni. Dalili ya mvua ni mawingu kweli, ila milimani angalia wingu linakua kwenda juu au kwenda pembeni, likiwa linarefuka kabla ya saa tano asubuhi anza kushuka kutoka kileleni, usisubiri ngurumo.

Theluji nayo ina mambo yake. Watu wanaangalia kimo ambacho joto ni nyuzi 0 wanasema chini ya hapo ni mvua tu, lakini theluji inaweza kushuka mita 300 hivi chini ya kimo hicho kabla haijayeyuka. Halafu kuyeyuka kwenyewe kunakula joto la hewa, kiasi kile cha kuyeyusha kilo moja ya barafu kingetosha kupasha maji yake kutoka nyuzi 0 mpaka 80. Kwahiyo kwenye bonde jembamba lisilo na upepo, mvua kubwa ikinyesha masaa kadhaa hewa inazidi kupoa na theluji inajikuta imefika kwenye nyumba za chini. Denver, mji ulio miguuni pa Rocky, tarehe 19 Mei 2022 ulikuwa na joto la nyuzi 30 hivi, kesho yake theluji ikaanguka. Wakulima wa Ulaya ya kati wana siku zao kabisa za kuogopa baridi, tarehe 11 mpaka 15 Mei, wanaziita za watakatifu wa barafu.

Kuhusu kompyuta, modeli kubwa ya Ulaya, yaani programu inayokokotoa utabiri wa hali ya hewa, inaigawa dunia kwenye vipande vya kilomita 9 hivi, sasa bonde la upana wa kilomita 2 haliwezi kuonekana humo, linasawazishwa na kilele cha jirani, na joto unaloliona kwenye apu linaweza kuwa la kimo ambacho wewe haupo. Uswisi wana modeli ya kilomita 1 hivi na inasaidia sana, ila hata hiyo haiwezi kukuambia asubuhi kwamba radi itapiga kilele hiki na sio kile.

Kitu cha kuogopa zaidi kuliko radi, kwa maoni yangu, ni mvua ya uvuguvugu kunyesha juu ya theluji inayoyeyuka. Juni 2022 ndo hiyo iliyofurisha mito ya Yellowstone, hifadhi ya taifa kule Marekani, mpaka ikafungwa na barabara zikakatika. Hata bila mvua mito inayopata maji ya theluji inayoyeyuka inapanda na kushuka kila siku, karibu na theluji maji yanajaa mchana mpaka jioni, mbali zaidi bondeni yanaweza kufika usiku kwasababu yanasafiri masaa mengi, kwahiyo kijito ulichokivuka alfajiri maji yakiwa kwenye kifundo cha mguu, ukirudi saa kumi jioni unaweza kukikuta hakivukiki.